Siku Tuliyong'oa Mathenge, Tukabakisha Mmoja

Wiki jana tumeshapita Marigat, kule Baringo, tunaelekea Kampi ya Samaki, kifungua mimba wangu ameegemea dirisha la matatu, akaniuliza, "Mama, si ulisema kwenu ni kukavu? Mbona ni kijani kote?"

Sikujua nianzie wapi, kwa sababu kweli ni kijani. Ni mathenge, ule mti wa miiba unaoitwa pia Prosopis. Ukiiangalia ukiwa barabarani inapendeza, imefunga huku na huku, kiangazi kikaze vipi majani yake yako pale pale. Lakini shuka kwa gari uiname uchungulie chini yake. Hakuna nyasi. Ni udongo mtupu, mavi ya mbuzi na miiba. Nikamwambia tu kuna kijani kisicholiwa, akanyamaza, lakini mimi tayari kwa mawazo nilisharudi kijijini kwetu Ng'ambo, ile likizo ya Desemba 2009.

2009 hakuna wa kwetu ataisahau. Ng'ombe waliisha. Mbuzi ndio walibaki, wanaishi kwa maganda ya mathenge, maana wakati kila kitu kimekauka mathenge ndiyo inaangusha maganda ya manjano, matamu kabisa, hata sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunayatafuna tunatema mbegu. Sasa mbuzi hatemi. Ile mbegu ni ngumu, inapita tumboni ikiwa hai na inatoka na mbolea yake tayari, kwa hivyo kila mahali mbuzi amelala ndipo msitu mpya unaanzia.

Asubuhi moja ya likizo hiyo Koko, nyanya yangu, aliniita nimshikie pembe mbuzi wake mmoja, jike aliyekuwa anazidi kukonda wakati wenzake angalau wanasimama. Shavu moja lilikuwa limevutika pembeni. Koko akaushusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. Mbuzi mnajua meno ya mbele anayo ya chini peke yake, na huyu mengine hayakuwepo, yaliyobaki yamekuwa kahawia, yanacheza ukiyagusa, na katikati ya ufizi nyuzi za maganda zimesokotana zimekwama. Harufu yake naisikia hata sasa nikiandika. Koko akaanza kuzitoa moja moja kwa ukucha, huku anamwongelesha yule mbuzi pole pole kama anavyoongea na mtoto mgonjwa.

Mbuzi wa aina hiyo ndiye watu wetu walimpeleka mahakamani Nairobi kwenye ile kesi ya 2006 ya kuishtaki serikali kwa sababu ya mathenge, kibogoyo mbele ya jaji, aonekane kwa macho kwamba hatusemi uongo. 2008 mathenge ikatangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Bomani kwetu tangazo lilipita na mbuzi wakaendelea kuoza meno.

Baba mdogo alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai anatuangalia. Akamaliza chai, akaenda kuazima mtaimbo.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Koko, kwa sababu mathenge ya kwanza pale bomani aliipanda yeye kwa mkono wake. Mathenge ilikuwa imeshapandwa Bamburi, Mombasa, tangu 1973, kwenye machimbo ambayo hakuna kitu kilikuwa kinakubali kuota, na mwanzoni mwa miaka ya 80 ikaletwa Baringo kwa ajili ya kuni na malisho. Watu wa mradi waligawa miche na Koko akachukua. Alikuwa anatueleza vumbi la wakati ule, unapika ugali unageuka kufunika sufuria ushachelewa, kuni unazifuata mpaka miguu inavimba. Mti ulikubali bila kubembelezwa. Vumbi likapungua, kuni zikawa mlangoni, kivuli kikapatikana, na hata leo mtu akisema wazee wetu walikuwa wajinga kupanda ile kitu mimi nachukia sana, walichoahidiwa walikipata, kilichofuata nyuma yake ndicho hakuna aliyewaambia.

Kazi ilianza hata jua halijachomoza vizuri. Baba mdogo alikuwa ameshakata mathenge kwa panga mara nyingi, na mkijua mathenge mnajua jibu lake, unakata shina moja unarudi baadaye unapata kichaka, matawi kumi yametoka kwenye kisiki kile kile na miiba mipya mirefu zaidi. Kwa hivyo akasema safari hii hatukati, tunang'oa.

Kwanza matawi. Yeye na kaka zangu wanakata, mimi na mama tunayavuta kwa uma wa mti mrefu, maana ule mwiba unapita kwa akala mpaka nyayo, na ukikuchoma ukavunjikia ndani mguu unavimba unalala nao nyumbani. Halafu kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu hivi kwamba mtaimbo unaruka unatoa cheche. Baba mdogo akapiga magoti kwenye shimo la kwanza, akaondoa udongo kwa mkono kuzunguka shina, akaniita. "Njoo uone." Pale chini ya udongo shina lilikuwa limevimba kidogo kabla halijagawanyika kuwa mizizi, na kwenye ule uvimbe, ukikwangua ganda, kulikuwa na vitone vidogo vya kijani kibichi. Akaviwekea ukucha. "Haya ndiyo macho yake. Ukikata juu ya hapa umempogoa tu. Ukate chini ya hapa." Akaomba shoka. Mzizi wa kwanza ukatoka na mti wa ndani mwekundu wa kahawia, una unyevu. Nikaushika. Miezi yote ile hatujaona tone la mvua, ndoo tunapanga foleni, na huu mzizi una maji. Nilikaa nao mkononi mpaka mama akanifokea nirudi kwa kazi.

Tuliendelea hivyo hivyo kisiki kwa kisiki, majirani wakaja, mmoja na sururu mwingine na mikono tu. Jua linaelekea kushuka tukawa tumefika karibu na nyumba, ukabaki mti wa Koko. Mkubwa, umetanuka mpaka juu ya paa, na Koko mwenyewe amekaa chini yake anachambua maharagwe.

"Huu pia," baba mdogo akasema.

"Huo hapana." Hata hakuinua kichwa.

"Mama, mbegu zote zilianzia hapa."

"Na nyinyi mlilelewa hapa. Baba yako alipougua mkeka wake ulikuwa pale unaposimama. Nionyeshe kivuli kingine nihame."

Baba mdogo akageuka akaangalia shamba, na sisi wote tukaangalia. Kulikuwa kweupe mpaka kule chini, mashimo na visiki vimelala ubavu. Akajaribu tena, sauti imeshuka. "Nitakupandia mgunga."

"Mgunga huo nitakaa chini yake lini mimi?"

Hakuna aliyejibu. Nakumbuka baba mdogo alikuwa ameshika shoka kwa mikono miwili, jasho limemkauka na chumvi imechora mistari shingoni, na hakuwa na hasira, alikuwa anatafuta neno la kumwambia mama yake na halipati. Mimi nilikuwa upande wake, nilikuwa nimeona ule mdomo wa mbuzi asubuhi. Halafu nikamwangalia Koko na maharagwe yake na kile kivuli kimemfunika hadi miguu, nikawa upande wake pia.

Koko ndiye alimaliza maneno. "Maganda niachieni mimi." Kila alfajiri kabla mbuzi hawajafunguliwa atakuwa ameokota yote, anatia guniani, yakauke yapelekwe kusagwa. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Marigat na hilo ndilo watu walikuwa wanafundishwa, ukisaga ganda pamoja na mbegu yake mbegu imekufa, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo. Baba mdogo akaweka shoka chini.

Yaliyofuata nayapitisha. Tulipata mbegu za nyasi, Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, tukachimba mitaro mifupi ya kukinga maji yasikimbie, mbegu tukachanganya na udongo mkavu ndiyo zishuke sawasawa, na yale matawi ya miiba yakawa ua. Mvua ilipokuja nyasi zikatoka, na miche ya mathenge ikatoka pamoja nazo, tukawa tunaing'oa kwa mkono udongo ukiwa bado laini. Msimu wa kwanza hakuna mbuzi aliyeingia, na hiyo ilikuwa vita peke yake, kwa sababu jirani ana njaa na wewe una nyasi. Baadaye zikafunga vizuri na pale zilipofunga mathenge ilikuwa inapata shida kuota. Tulikata majani makavu tukauza. Yule mbuzi wa mashavu hakufika, alikufa kabla ya mvua.

Koko aliokota maganda mpaka mgongo ukakataa. Alipoondoka hakuna aliyechukua gunia lile. Ziwa Baringo nalo likawa limeanza kupanda, mpaka kufikia 2020 kuna shule na nyumba za watu zilikuwa ndani ya maji, na upande wetu wa chini wote ukaenda, nyasi na kila kitu, baba mdogo akahamia Marigat. Ua likaanguka. Maji yakija yanabeba mbegu, mbuzi wakija wanabeba mbegu, na sehemu iliyobaki juu leo ukiniambia nikuonyeshe shimo hata moja tulilochimba sitaliona.

Hili ndilo linanisumbua tangu lile swali la mtoto. Baba mdogo alikuwa na njia yake, Koko alikuwa na yake, na zote mbili zilifanya kazi mpaka siku mwenye nazo hayupo tena. Sijui hiyo inaniambia tufanye nini.

Mdogo wangu ndiye yuko pale sasa, anachoma makaa ya mathenge, makaa mazuri, yanakaa na moto, na ndiyo yanasomesha watoto wake. Nikimwambia tung'oe yote ananiuliza mwaka wa pili atakula nini, na ni swali la haki. Tumekubaliana ekari moja tu kwanza, kabla ya mvua za Aprili, yeye anachukua visiki vyote achome, mimi natoa pesa ya mbegu za nyasi na ya mtu wa kulinda msimu wa kwanza. Tulipokwama ni kwa ule mti. Yeye anataka uanze wenyewe kwa sababu ndio mkubwa na unaangusha maganda kuliko yote, dada yetu mkubwa hataki hata kusikia, na wote wawili wananisubiri mimi niseme. Bado sijawajibu.