Marko nilimwelewa kwa swali la kunawa mikono

Mzee wa kanisa aliponipa zamu ya kufundisha Injili ya Marko kwenye jumuiya yetu, Alhamisi sita mfululizo, nilichekelea. Sura 16 tu, fupi kuliko injili zote nne. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kuipima kazi kwa urefu wa kitambaa.

Alhamisi ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nimenakili utangulizi kwenye daftari: mwandishi anatajwa kuwa Yohana Marko, Papia, askofu wa Hierapoli, alisema Marko alikuwa mkalimani wa Petro, wataalamu wengi wanaona iliandikwa kati ya mwaka 65 na 75, na mapokeo yanataja Roma. Nikayasoma yote kama tangazo la msiba. Watu wakapiga miayo. Bibi mmoja, ambaye Biblia yake huja imefungwa kwenye kanga, akafungua sura ya 7 akaniuliza: "Mwanangu, huyu anamweleza nani kwamba Wayahudi hunawa mikono kabla ya kula? Mtu wa Pwani utamfundisha kukuna nazi?"

Nikamwambia, "Bibi, nipe wiki moja."

Usiku ule nikaisoma injili yote kwa mkao mmoja, kwa sauti, penseli mkononi. Ilinichukua kama saa moja na nusu. Kila mahali Marko anapomfafanulia msomaji jambo, nikaweka alama. "Talitha, kumi," kisha tafsiri yake. "Efatha," kisha maana yake. Korbani hivyohivyo. Kumbe anawaandikia watu wasiojua Kiaramu wala desturi za Kiyahudi. Halafu senti mbili za yule mjane: kwa Kigiriki anazigeuza kuwa kodrante, sarafu ya Kirumi, kama unavyomgeuzia mgeni shilingi zetu kuwa pesa ya kwao. Na pepo wa Wagerasi anajiita Legioni, jina la kikosi cha jeshi la Roma chenye askari wapatao 5,000. Utangulizi niliounakili ulikuwa unasema haya haya, ila sikuyasikia mpaka nilipoyaokota mwenyewe.

Ukikubali kwamba wasomaji wale walikuwa Roma, maneno ya kujitwika msalaba yanabadilika uzito. Mwaka 64 mji uliungua na Nero akawatwisha Wakristo lawama, wengi wakauawa vibaya. Kwao msalaba haukuwa mkufu wa shingoni.

Wiki zilizofuata niliacha daftari nyumbani. Tulisoma kwa zamu, vipande virefu, na kazi yangu ikawa kuuliza, "Mmeona nini?" Kijana mmoja aliona kwamba sura ya kwanza imejaa neno "mara", kama mtu anayesimulia huku anakimbia. Ni kweli, katika Kigiriki linajirudia mara zipatazo 40 katika kitabu chote. Mama mwingine akaona kisa cha mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 kimetiwa katikati ya kisa cha binti Yairo, mwenye miaka 12. Tukakiita kisa cha sambusa, na tangu hapo kila mtu akawa anatafuta sambusa nyingine. Tukaipata kwenye mtini na hekalu, sura ya 11.

Pale nilipokwama mimi ni kipofu wa Bethsaida. Kwa nini Yesu amguse mara mbili, ya kwanza akaona watu kama miti inayotembea? Nilihisi aibu kidogo kwa niaba ya muujiza wenyewe. Nikasoma mbele: papo hapo Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, kisha anamkemea aliposikia habari za mateso. Ameona, lakini ameona miti! Mara tatu Yesu anatabiri kifo chake, na mara tatu wanafunzi wanaelewa kombo, mpaka Yakobo na Yohana wanaomba viti vya heshima. Sehemu yote hiyo inaishia kwa kipofu mwingine, Bartimayo, ambaye anaona na kumfuata njiani. Anayelitamka vizuri jina la Mwana wa Mungu mwishoni ni akida wa Kirumi, chini ya msalaba, pazia la hekalu likiwa limepasuka kama mbingu zilivyopasuka Yesu alipobatizwa Yordani.

Alhamisi ya sita nilikomea sura ya 16, mstari wa 8. Nikaeleza kwamba mistari ya 9 hadi 20 haimo katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinai na Vatikano. Mzee wa kanisa hakupendezwa, na sikumlaumu. Wanawake wamekimbia kaburini, hawakumwambia mtu, waliogopa.

"Basi?" akauliza yule bibi.

"Basi, Bibi."

Akarudi mstari mmoja nyuma, kidole kwenye karatasi. "Wameambiwa watamwona Galilaya. Galilaya si ndiko tulikoanzia?" Akafunua mpaka sura ya kwanza, akampa mjukuu wake asome.