Regulata inapovuja hewa, anza kukagua juu ya mtungi

Miongoni mwetu tunaopiga mbizi kwa mitungi hapa Kigoma kuna imani iliyozoeleka kwamba regulata, kifaa kinachoshusha shinikizo la hewa ya mtungi ili mpiga mbizi aweze kuivuta, haihitaji matunzo katika Ziwa Tanganyika kama ile ya Bahari ya Hindi, kwa sababu maji yetu hayana chumvi. Ni kweli kwamba chumvi ya bahari huganda kwenye springi na kuila shaba upesi. Hata hivyo, maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake ikikaribia 9, na yana madini ya kutosha kuacha utando mweupe juu ya chuma kilichoachwa kikauke juani. Tena wengi wetu huingia majini tukitokea ufukweni, upande wa Katonga au Bangwe, ambako mchanga laini hupenya popote penye upenyo. Kwa hiyo regulata zetu huharibika pia, ila huharibika polepole na kwa namna inayomdanganya mwenye nazo.

Mtungi uliojaa huwa na shinikizo la takriban bar 200. Kichwa cha regulata, kile kinachofungwa juu ya mtungi, hulishusha hadi kufikia kama bar 9 au 10 zaidi ya shinikizo la maji yanayomzunguka mpiga mbizi, na hewa hiyo hupita kwenye hosi hadi kwenye kipumulio, ambacho huitoa tu pale mtu anapovuta pumzi. Asiyeuelewa mgawanyo huu wa kazi atabadilisha vipuri visivyo na kosa.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba hewa inatoka yenyewe mdomoni mwa kipumulio. Kwanza litengwe jambo lisilo ugonjwa: kipumulio kikiangukia majini huku mdomo wake ukitazama juu, mara nyingi hupiga hewa kwa nguvu, na ukikigeuza kitazame chini au ukiuziba mdomo kwa kidole, hunyamaza. Hapo hakuna cha kutengeneza. Tatizo lipo pale kipumulio kinapovuja kikiwa kikavu ndani ya mtumbwi, hasa kikianza kimya na kuvuja dakika chache baada ya mtungi kufunguliwa. Karibu kila mtu hukimbilia kukifungua kipumulio, kwa kuwa hewa inatokea hapo, ilhali dalili hiyo ya kuchelewa huelekeza kwenye kichwa. Ndani ya kichwa kuna kikalio kidogo cha plastiki ngumu kinachokandamizwa kwenye ukingo mwembamba wa chuma ili kuzuia hewa ya mtungi. Kikishapata mkwaruzo au kuchimbika, hewa hupenya kidogo kidogo kuingia hosini, shinikizo la hosi hupanda kutoka bar 9 hadi 12 na zaidi, na mwishowe vali ya kipumulio husukumwa ifunguke. Vali hiyo iliundwa makusudi ifunguke kuelekea upande hewa inakokwenda, ili hosi isipasuke. Anayeikaza ili inyamaze ameifanya pumzi iwe nzito kuvuta, na maradhi ameyaacha pale pale kichwani.

Ubishi huu humalizwa na geji ndogo ya shinikizo la kati, yaani lile la hewa iliyo hosini, inayochomekwa kwenye hosi ya kujazia fulana ya kuelea. Fungua mtungi taratibu, bonyeza kitufe cha kipumulio mara kadhaa, kisha tazama mshale. Unatakiwa urudi upesi kwenye namba ile ile na kutulia. Ukiendelea kupanda polepole baada ya hapo, kosa ni la kichwa. Ukitulia ilhali hewa bado inavuja, ndipo ukilaumu kipumulio, ambacho pengine mpira wa vali yake umeshika alama au wenzo wake umekaa juu mno. Iwapo kipumulio kikuu na kile cha akiba vinavuja kwa pamoja, mimi hukishuku kichwa kabla hata ya kuichukua geji.

Pumzi ikiwa nzito, tazama geji ya mtungi wakati unavuta hewa. Mshale ukishuka kwa kila pumzi na kurudi, basi mtungi haukufunguliwa vya kutosha au kichujio cha kwenye mlango wa kichwa kimeziba. Rangi ya kichujio hicho husema mengi: ukijani ni dalili kwamba maji yaliingia na shaba inalika, wekundu wa kutu hutoka kwenye mtungi wa chuma, na weusi mara nyingi ni vumbi la mkaa wa vichujio vya kompresa, mashine inayojaza mitungi. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, kwa upande wake haiachi rangi wala harufu, ndiyo maana bomba la moshi la kompresa ya petroli lisiwe karibu na mahali inapovutia hewa.

Kwa maji yanayoingia mdomoni, funga mtungi, maliza hewa iliyobaki hosini, kisha vuta pumzi kupitia kipumulio. Hewa yoyote ikiingia, pana upenyo. Mara nyingi ni chembe ya mchanga chini ya mpira wa kutolea hewa, au mdomo wa mpira umechanika pale unapofungwa kwa kamba ya plastiki.

Watu huuliza kama mwinuko wa ziwa letu, ulio takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, unalazimu regulata irekebishwe. Haulazimu, kinachobadilika ni hesabu za muda wa kukaa chini na mwendo wa kupanda.

Katika kuosha, kausha kizibo cha kichwa kabla ya kukifunga, na usibonyeze kitufe cha kipumulio kikiwa majini bila hewa, kwani utakuwa unayafungulia maji njia ya kuingia hosini. Kwa suuza ya mwisho napendelea maji ya mvua, kwa kuwa hayaachi ule utando. Anika kivulini bila kukunja hosi, kisha hifadhi ndani ya mfuko uliofungwa. Mende hupenda sana giza la kipumulio.

Kukifungua kichwa ni kazi ya fundi mwenye zana na vipuri vya modeli hiyo hiyo. Oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia, ya injini ya boti inaweza kuingia vizuri na bado ikawa na ugumu usiofaa, na mafuta ya injini hayana nafasi kabisa kwenye kifaa cha hewa ya shinikizo kubwa. Unapoituma regulata Dar es Salaam au Zanzibar, omba urudishiwe vipuri vilivyotolewa na uandikiwe shinikizo la kati lililopimwa. Ikirudi, ipime tena kwa geji yako mwenyewe, kisha ivae kwenye maji ya kina cha kusimama kabla ya kuipeleka kwenye miamba.