Krediti 12: nilivyojenga timu ya voliboli katika chuo cha jamii

Jumamosi moja ya Septemba, msimu wangu wa kwanza, nilisimama ukumbini nikiwa na wasichana watano. Timu ya voliboli ni watu sita. Refa alitazama saa, akasubiri dakika zake ziishe, kisha wageni wakaandikiwa ushindi wa seti 3-0, kila seti 25-0, bila mpira kurushwa hata mara moja. Walikuwa wamesafiri zaidi ya saa mbili. Wachezaji wangu walikuwa wameshavaa pedi za magoti. Mmoja akaanza kuzivua polepole, akazitia mkobani bila kuinua macho, na mimi sikupata neno la kumwambia.

Mchezaji wa sita alikuwepo, mzima wa afya, ameketi jukwaani na jezi yake mapajani. Wiki ile alikuwa ameacha somo la hesabu, akabaki na krediti 9, yaani vipimo vya uzito wa masomo ya muhula. NJCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya jamii sehemu kubwa ya Marekani, kinataka mchezaji awe na krediti zisizopungua 12 msimu ukiendelea. Ukishuka hapo, huchezi. Yeye hakulijua hilo. Mimi nililijua na sikumuuliza.

Vyuo hivi ni vya miaka miwili. Mwanafunzi huanzia hapo, kisha huhamia chuo kikuu au huondoka na cheti cha kazi. Wengi wa kwetu walikuwa wakiishi nyumbani kwao, na karibu wote walikuwa na ajira: dukani, ghalani, kutunza wazee usiku. NJCAA imevigawa vyuo katika madaraja matatu. Daraja la kwanza linaruhusiwa kumlipia mchezaji ada, vitabu na hata malazi. La pili huishia kwenye ada na vitabu. La tatu halitoi ufadhili wowote kwa sababu ya mchezo. Sisi ni daraja la tatu. Kwa hiyo nikimwendea msichana wa shule ya sekondari, sina hundi ya kumwonyesha.

Mwaka wa kwanza nilihangaika kutafuta vipaji. Nilikwenda kwenye mechi za sekondari nikiwatazama wapigaji warefu, wale wale waliokuwa wakitazamwa na makocha wa vyuo vikuu. Sikumpata hata mmoja. Baadaye nikabadilisha jicho. Nikaanza kumtafuta yule ambaye timu yake imeachwa pointi kumi na bado anajitupa sakafuni kuokoa mpira. Tena nilimtafuta karibu, mahali ambapo basi moja linamfikisha chuoni, kwa sababu anayebadilisha mabasi matatu alfajiri atakuja Agosti na kutoweka Oktoba. Wengine niliwapata pale pale chuoni, kwenye foleni ya kujiandikisha masomo. Wawili walikuwa wachezaji wa kikapu. Kikapu huanza Novemba, sisi tunapokuwa tunamaliza, na kocha wao alikubali nilipomwahidi kwamba nitawarudisha wakiwa na magoti yao salama.

Muda wa mazoezi ulinisumbua kuliko mbinu zozote za uwanjani. Jioni ukumbi ulikuwa wa kikapu cha wanaume, na jioni hiyo hiyo wasichana wangu walikuwa kazini. Nikabandika karatasi kubwa ukutani, kila mmoja akapaka rangi saa zake za darasa na za kazi. Ilipojaa, sehemu pekee iliyobaki nyeupe kwa wote ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Hatukuwa na la kujadiliana tena. Mzee anayesafisha jengo alikubali kutufungulia mlango nusu saa kabla, na mpaka leo namheshimu kama mjumbe wa benchi la ufundi.

Jambo la usafiri nililipeleka ofisini. Wanaume walipanda basi la chuo. Sisi tulikwenda na magari yetu wenyewe, na kuna usiku seta wangu, yule anayewagawia wapigaji mpira, aliendesha kwenye mvua kubwa baada ya kucheza seti tano. Marekani ina sheria ya mwaka 1972, Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, na usafiri wa timu ni miongoni mwa mambo yanayopimwa chini yake. Sikwenda kugombana. Niliandika safari zao na safari zetu kwenye ukurasa mmoja, nikauweka mezani. Msimu uliofuata tulipata basi.

Uwanjani tulikuwa wafupi. Wavu wa wanawake una kimo cha mita 2.24, na wengi wa wachezaji wangu hawakuweza kuuzuia mpira juu yake. Nikaamua tusipoteze miezi mitatu tukijifunza tusichoweza. Tukashika mambo mawili: kuanzisha mpira vizuri na kupokea vizuri. Kila asubuhi nilihesabu mapokezi. Pasi iliyomkuta seta mahali pake, akaweza kumgawia mpigaji yeyote, ilipata 3. Iliyomsogeza lakini ikamwachia wapigaji wawili, 2. Iliyomkimbiza akabaki na mtu mmoja tu wa kumpa, 1. Iliyopotea, 0. Alama niliziandika ubaoni bila maneno. Mwanzoni tulikuwa tukishangilia wastani wa 1.5. Timu inayofika 2 inaweza kucheza na mtu yeyote, na wasichana walianza kuijua hesabu hiyo kuliko mimi. Nilikuwa nikiwasikia wakibishana: "Hiyo ni 2, alikuwa bado ana mtu wa kati!"

Kila Mei nusu ya timu huondoka. Kocha wa chuo kikuu hukaa na mchezaji miaka minne. Mimi nina miwili, na wa pili ndio anaanza kuelewa. Kwa hiyo kila mchezaji wa mwaka wa kwanza humpangia dada yake wa mwaka wa pili wa nafasi ile ile. Seta humfundisha seta. Humweleza kwa nini mpigaji wa pembeni anataka mpira wa juu zaidi akiwa amechoka, na pia humweleza ofisi ya ada iko wapi na mwalimu gani anakubali kazi iliyochelewa. Dada hao wamenisaidia kubakiza wachezaji kuliko hotuba zangu zote.

Na krediti. Kila Jumatatu, kabla ya kugusa mpira, kila mmoja hunionyesha kwenye simu orodha ya masomo yake. Sheria yetu ni moja: huachi somo kabla hatujazungumza. Wapo waliodhani nawachunga kama watoto. Nikawasimulia habari ya wasichana watano na pedi za magoti.

Msimu uliopita nilikuwa na majina kumi na manne. Oktoba, usiku, libero wangu, mchezaji wa nyuma wa kupokea na kuokoa mipira, akanipigia. Anasomea uuguzi, kemia ilikuwa inamshinda, na alikuwa na krediti 12 kamili.

"Kocha, kesho nataka kuiacha. Ulisema tuongee kwanza."

Asubuhi, mazoezi yalipoisha, tukaenda pamoja kwa mshauri wa masomo, yeye bado amevaa pedi. Mshauri akapekua ratiba, akapata kozi ya krediti 4 iliyokuwa inaanza katikati ya muhula. Kozi ikaingizwa kwanza, ndipo kemia ikaondolewa. Libero akaniuliza kama Jumamosi atacheza. Nikampigia msajili wa michezo tukiwa bado tumesimama mlangoni, nikasubiri jibu, nikamwambia atacheza.