Mvua Isiyonyesha Kwetu: Siku Moja ya Mkaguzi wa Njia ya Reli, Kilosa

Saa 9:40 usiku

Simu iliyoniamsha ilitoka Mpwapwa, kwa dada wa mke wangu, ambaye kwa miaka kadhaa sasa nimemfanya kipimo changu cha mvua bila yeye kulipwa hata senti. "Shemeji, amka," alisema, na nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga bati kwa kishindo hata akalazimika kupaza sauti. "Imeanza saa 6 na haijapumzika. Korongo la nyuma ya nyumba limejaa." Nilimshukuru, nikatoka uani kutazama mbingu ya Kilosa. Nyota zote zilikuwa mahali pake, na vumbi la jana lilikuwa bado juu ya majani ya mwembe.

Mimi ni mkaguzi wa njia katika reli ya kati, ile ya zamani yenye upana wa milimita 1,000, na eneo langu linaanzia Kilosa likipanda kuelekea Gulwe, takriban kilomita 80 ambazo reli na mto vinabanana katika bonde moja. Mto huo huanzia nyanda za Dodoma ukiitwa Kinyasungwe, hupita Gulwe, Godegode na Kidete, ukifika huku kwetu unaitwa Mkondoa, na mbele zaidi unakuwa Wami hadi Bahari ya Hindi. Ndiyo maana mvua inayovunja tuta letu mara nyingi si mvua yetu. Hunyesha usiku Mpwapwa au Dodoma, nasi tukaletewa maji yake asubuhi jua likiwaka.

Saa 10:15 alfajiri

Nilimpigia stesheni masta wa Gulwe, naye akanieleza kwamba maji yalikuwa yamebakiza kama mita moja kufikia boriti za daraja, na kwamba yalikuwa yakisomba miti mizima na mizizi yake. Treni mbili zilinihusu saa ile. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam jana yake ilikuwa njiani ikiikaribia Kimamba, jirani yetu wa upande wa mashariki, na hiyo haikunipa wasiwasi kwa kuwa ingesimamishwa Kilosa. Nyingine ilikuwa treni ya mizigo, nayo ilikuwa imeshaondoka Gulwe saa 9 ikiteremka kuelekea kwetu.

Nikatamka maneno ambayo mkaguzi hulazimika kuyatamka waziwazi, kwa kuwa yanaandikwa kitabuni pamoja na saa yake: njia kati ya Kilosa na Gulwe imefungwa kwa treni zote hadi nitakapoikagua. Kisha nikaanza kuitafuta Godegode. Simu haikuita. Mtandao wa kule hukatika mara radi zinapozidi, na kwa dakika 50 sikuwa na njia ya kujua kama treni ile imesimama stesheni au imo bondeni.

Wengi hudhani kwamba tunachokiogopa zaidi ni daraja kuanguka. Daraja likianguka, angalau linaonekana. Kinachoninyima usingizi ni tuta lililoliwa kwa chini, ambapo reli ziko mahali pake zinang'aa, mataruma, yaani mihimili inayobeba reli, yamepangana sawasawa, kokoto za juu hazijaguswa, ilhali udongo uliozibeba umeshanyonywa na maji. Dereva akimulika kwa taa ya kichwa cha treni haoni kasoro yoyote. Tuta hujionyesha lilivyo pale tu uzito unapopanda juu yake.

Saa 11:05 mmoja wa watu wa gengi, kikosi cha watengenezaji wa njia, alipanda kilima mpaka akapata mtandao, akanipigia. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama Godegode. Dereva alikuwa ameona maji yakiramba kokoto pembeni mwa njia, akakataa kuendelea hata kabla agizo langu halijamfikia. Siku nikikutana naye nitamnunulia soda, na maandazi juu yake.

Saa 12:30 asubuhi

Treni ya abiria iliingia Kilosa ikiwa na mabehewa 9, nami nikaomba ibaki hapo hapo. Kilosa kuna maji, chakula, hospitali na barabara ya lami inayokwenda Dumila. Treni ikikwama katikati ya bonde haina kimojawapo kati ya hivyo, na mabasi hayawezi kuifuata. Huo ndio uamuzi ambao abiria huuchukia kuliko mwingine wowote, kwa sababu wanazuiwa mahali ambapo hawaoni sababu ya kuzuiwa.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akirudi Kigoma na mabegi manne na ndoo tatu mpya, alishuka kwenye behewa la daraja la tatu, akanitazama, akatazama mbingu, kisha akanitazama tena. "Mwanangu," aliniambia kwa upole ulioniumiza kuliko ukali wa vijana waliomzunguka, "mnatuambia mvua. Mvua yenyewe iko wapi?"

"Shikamoo, mama. Mvua iko Mpwapwa."

"Marahaba. Sasa Mpwapwa na hapa ni mbali gani, mpaka mvua ya huko ituzuie sisi hapa?"

Nilimchukua pamoja na wengine watano hivi mpaka mahali ambapo mto unaonekana, wajionee wenyewe. Jana jioni Mkondoa ulikuwa mfereji tu, watoto wanauvuka wakiwa wameshikilia viatu mkononi. Sasa maji yalikuwa ya rangi ya udongo mwekundu, yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na yalikuwa yakipanda huku tukitazama. Mama yule hakusema neno. Kijana aliyekuwa akidai nauli yake kwa kelele naye alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo siku hizi huulizwa kila mara: kwa nini wasihamishiwe treni ya umeme? Nilimjibu kwamba ile ina njia yake yenye upana wa milimita 1,435, hivyo mabehewa haya hayawezi kupita juu yake, na kwamba tangu mwaka 2024 imekuwa ikiwafikisha abiria Dodoma, ilhali yeye alikuwa akienda Kaliua. Wengi wa abiria wetu huipanda hii ya zamani kwa hesabu zao wenyewe, za nauli na za mizigo, na mimi siwezi kuwalaumu kwa hesabu hizo.

Nilikataa kuwaambia kwamba safari itaendelea "baada ya muda mfupi". Niliwaambia kwamba treni hii haitapita leo, na kwamba watafaulishwa kwa mabasi kupitia Dumila hadi Dodoma, ambako treni nyingine ingewasubiri kuwapeleka Tabora na Kigoma. Walinung'unika, lakini mtu aliyeambiwa "leo hapana" huweza kwenda kutafuta chai, wakati aliyeambiwa "subiri kidogo" hubaki amekaa juu ya begi lake siku nzima.

Saa 2:50 asubuhi

Maji yalipoonyesha dalili ya kusimama tuliondoka kwa kiberenge, kigari kidogo cha relini, mimi na watu wanne wa gengi, tukiwa na mitaimbo, sepetu, jeki mbili na utepe wa kupimia. Tulikwenda polepole, na kila penye kalavati, yaani mfereji unaopitisha maji chini ya tuta, tulishuka kutazama mdomo wake wa juu na wa chini.

Kiberenge kikienda polepole hivyo, mtu hupata wasaa wa kuwaza kwa nini reli ilijengwa humu. Wajerumani walioifikisha Kilosa mwaka 1909 na Dodoma mwaka 1910 walihitaji mteremko mpole ambao injini za mvuke zingeweza kuupanda kutoka nyanda za chini hadi uwanda wa kati, na milima ya hapa haitoi mlango mwingine ulio rahisi kama bonde hili. Ukiwa na zana za wakati ule, ungechagua vivyo hivyo. Waliojenga njia mpya walikuwa na mashine za kutoboa milima, wakapita juu na ndani ya mahandaki, na katika safari yetu ya leo tuliiona ikiwa imekaa kule juu, kavu. Kijana mdogo kuliko wote katika gengi aliinyooshea kidole bila kusema kitu. Mnyapara wake akamwambia aangalie kalavati.

Munisagara palikuwa salama. Baada ya Mzaganza mambo yalibadilika, na ilipofika saa 5 kasoro tulishuka kwenye kiberenge kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kukipeleka.

Mto ulikuwa umehamia kwetu. Kwa kawaida pale hupita mita 30 hivi kutoka kwenye reli, lakini mchanga ulioletwa mwaka hadi mwaka umeinua kitanda chake, na maji ya usiku yalipokuta njia yao ya zamani imejaa, yalikata kona na kulifuata tuta. Tulipima mita 42. Reli zote mbili zilikuwa bado zimefungwa kwenye mataruma yake ya chuma, zikining'inia hewani kama ngazi iliyolazwa juu ya shimo, na chini yake, kina cha mita tatu na nusu, maji yalikuwa yakipita taratibu kana kwamba hayajafanya lolote.

Tatizo la mchanga ndilo ninalotamani lingeandikwa magazetini badala ya maneno yale yale ya "mvua kubwa imeharibu reli". Mvua kubwa zilikuwapo tangu zamani. Miteremko ya juu imelimwa na kulishwa mifugo mpaka udongo hauna cha kuushikilia, kwa hiyo kila mvua inateremka na shamba la mtu, na shamba hilo linakuja kulala chini ya madaraja yetu. Daraja lililojengwa likiwa na nafasi ya kutosha kwa maji huonekana leo kama mtu aliyezikwa hadi kifuani, na mafuriko ya kawaida tu yanatosha kuligonga boriti. Tunaweza kuinua tuta, na tumeinua, lakini mto nao unapanda.

Wazee wa gengi waliokuwapo Desemba 2009 na Januari 2010 hupima kila bomoko kwa bomoko la mwaka ule, pale bwawa la Kidete lilipopasuka, maelfu ya watu wa Kilosa wakapoteza makazi, na reli ikakatika mahali pengi kwa miezi. Mnyapara alilitazama shimo letu, akatema mate pembeni. "Hili ni dogo," alisema. Kwa kipimo chake, alikuwa sahihi.

Nilikaa juu ya jiwe nikaandika mahitaji. Kwanza mawe makubwa ya kulaza chini kwenye kitako cha tuta, yale ambayo mto hauwezi kuyabingirisha. Kisha vikapu vya waya vilivyojazwa mawe upande wa maji. Juu yake udongo mgumu unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka, halafu kokoto, halafu kuinua reli kwa jeki na kusawazisha. Kishawishi ni kuruka hatua ya kwanza, kwa sababu mawe makubwa hutoka mbali na kila mtu anataka treni ipite. Nimewahi kushuhudia tuta lililojazwa udongo mtupu likipitisha treni mbili na kuondoka usiku wa tatu. Niliandika siku nne, nikijua kwamba nitaulizwa kwa nini zisiwe mbili.

Saa 10:20 alasiri

Niliporudi Kilosa niliwakuta abiria wale wale mahali pale pale. Mabasi yaliyoahidiwa kuwa hapo saa 5 yalikuwa hayajaonekana, na aliyeyakodisha alikuwa na maelezo mapya kila alipopigiwa. Mama ntilie wa stesheni walikuwa wameuza kila kitu mpaka mahindi ya kuchoma, na mama wa Kigoma alikuwa amezipanga ndoo zake kivulini, watoto wa watu watatu tofauti wamelala mapajani mwake na pembeni.

Nilikuwa na wasiwasi mwingine ambao sikumwambia mtu. Barabara tuliyoitegemea nayo si ya kuaminika, maana Januari 2014 mafuriko yaliwahi kuikata barabara ya Morogoro hadi Dodoma pale Dumila, na siku kama hizo reli na barabara huondoka pamoja. Nilimpigia mtu ninayemfahamu Dumila, akaniambia mto uko chini na magari yanapita. Mabasi yaliingia saa 10:20. Kuwapakia abiria na mizigo yao kulichukua karibu saa mbili, kwani mizigo ya behewa haiingii kwenye buti la basi kwa kubembelezwa, na wafanyabiashara wawili wa Tabora waliamua kubaki na magunia yao kuliko kuyatenganisha nao.

Mama wa Kigoma alipopita mbele yangu kuelekea basini alisimama. "Huyo shemeji yako wa Mpwapwa," alisema, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia asubuhi, "msalimie. Mwambie sisi tungekuwa tumo majini."

Saa 3:00 usiku

Treni ya mawe imethibitishwa kuondoka kesho alfajiri, ikiwa na mabehewa sita kati ya kumi niliyoomba. Mabehewa mawili ya kwanza yatakwenda kwenye kitako cha tuta, na hapo sitakubali mjadala. Treni ya mizigo imerudishwa Gulwe kinyumenyume, taratibu, mtu wa gengi akitangulia kwa miguu na taa yake.

Nyumbani, mke wangu aliniwekea ugali na mlenda, akakaa kunitazama nikila. Nilimuuliza kama amezungumza na dada yake.

"Amepiga jioni. Anasema kumekauka tangu saa 8, ila upande wa Dodoma kunamweka radi."

Kwetu nyota zilikuwa zimejaa. Nilinawa, nikaichomeka simu kwenye chaji, nikatayarisha viatu vya mpira karibu na mlango.