Sare za Kwaya na Neno Nililoliahirisha

Kwa miaka minne fundi mmoja wa cherehani hapa mtaani kwetu Mombasa alitushonea sare za kwaya. Mimi ndiye niliyempelekea vitambaa, nikampa vipimo vya waimbaji, nikabishana naye bei, tena nikamharakisha kila Pasaka ilipokaribia. Alizijua kola zetu na mikono ya mashati yetu kuliko nilivyozijua mimi mwenyewe, lakini habari za Yule tuliyekuwa tukimwimbia sikuwahi kumweleza hata siku moja. Nilikuwa na nia, na nia hiyo ilikuwa na tarehe yake: baada ya Pasaka, baada ya mitihani ya watoto, siku atakapokuwa hana wateja.

Mwaka jana, Jumapili moja, nilimwona ameketi kwenye benchi la nyuma kanisani. Mama anayeuza maandazi karibu na kibanda chake ndiye aliyemwalika, kwa maneno ambayo baadaye niliambiwa hayakuzidi matatu au manne. Ibada ilipokwisha nilimwendea kwa furaha iliyochanganyika na aibu, naye akaniambia bila kinyongo chochote, “Mwalimu, mimi nilidhani kwenu anaingia aliyealikwa.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma upya habari ya Feliki katika Matendo ya Mitume, sura ya 24. Paulo, aliyekuwa mfungwa wake, alipomweleza juu ya haki, kiasi na hukumu itakayokuja, liwali huyo wa Kirumi aliingiwa na hofu, akamwambia aende zake, akipata nafasi atamwita. Kwa kawaida tunamhubiri Feliki kama onyo kwa msikilizaji anayeahirisha kuamini, na ni sawa. Ila mimi nilijiona humo kama msemaji anayeahirisha kusema. Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba nafasi aliipata. Andiko linasema alimwita Paulo mara nyingi na kuzungumza naye, akitumaini kupewa fedha, na miaka miwili ikapita hivyo. Mimi nami nilimwendea fundi mara nyingi, na kila mara tulizungumza habari za fedha.

Udhuru wangu mkubwa ulikuwa kwamba sijajiandaa vya kutosha, kwamba akiniuliza swali gumu nitaiaibisha Injili. Udhuru huo hauna nguvu sana kwa mtu anayeishi katika mji huu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo, Kiswahili chake kikiwa bado kichanga, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi Julai mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa, na kaburi la Rosina lipo hadi leo upande wa Nyali. Mtu aliyepatwa na hayo angeweza kuomba apewe muda, wala hakuna ambaye angemlaumu. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha misheni cha Rabai. Sidai kwamba kila alilofanya Krapf lilikuwa la hekima. Nasema tu kwamba hakungoja lugha yake inyooke.

Ni kweli pia kwamba kutoahirisha si kumvamia mtu. Sisi wa Pwani tunaishi ukuta kwa ukuta na jirani zetu Waislamu, tunapelekeana futari na pilau ya Krismasi, na anayepiga kelele mlangoni kwa mwenzake huharibu zaidi ya anachojenga. Petro alitutaka tuwe tayari siku zote kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, ila kwa upole na hofu. Filipo mhubiri alikimbia kulifikia gari la yule Mkushi aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya kwenye njia ya Gaza, lakini alipofika alianza kwa kumuuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Miguu ilikuwa na haraka, ulimi ulikuwa na adabu. Mimi nilikuwa na adabu peke yake, nikaiita busara. Na mwanamke Msamaria aliyezungumza na Yesu kisimani, ambaye hakuwa amemaliza hata siku moja ya mafundisho, aliuacha mtungi wake hapo akaenda mjini kuwaita watu.

Juzi jioni nilipita kibandani kuchukua suruali yangu. Fundi alinieleza kwamba jirani yake, mshona viatu aliye hatua chache kutoka hapo, amemuuliza kwa nini siku hizi Jumapili hafungui kazi, na kwamba angependa twende sote tukamjibu. Nilikuwa nimefungua kinywa kumwambia tupange Jumamosi, nikaona ameshainuka na kuvaa ndala, kitambaa cha mteja amekiacha chini ya sindano.