Kistari cha Berlin

Juzi Sauda alirudi na karatasi ya matokeo mkononi. Mwalimu wa michezo amempa ukarani wa kuruka juu, mashindano ya shule yanakuja, na alikuwa na swali moja tu. "Baba, O najua amevuka. X najua ameangusha. Hiki kistari je?"

Nikamwambia kistari ni urefu ulioachwa. Mrukaji hakujaribu wala hakukosa. Amemwambia mwamuzi kwamba anasubiri ufito upandishwe. Akaridhika, akaenda zake jikoni. Mimi nikabaki na ile karatasi mapajani, kwa sababu kistari hunirudisha palepale kila mara: Berlin, Olympiastadion, jioni ya tarehe 17 Agosti 2009, mashindano ya dunia ya riadha, fainali ya wanawake ya kuruka kwa upondo, ile fimbo ndefu inayopinda.

Karisa, niliyekuwa naye uwanjani, anaikumbuka siku ile kwa mambo mengine. Alikuja na bendera kwa ajili ya mbio za mita 10,000 za wanaume, na bendera ilipata kazi: Kenenisa Bekele alishinda, Zersenay Tadese akawa wa pili, Moses Masai wetu akachukua shaba, siku mbili baada ya dada yake Linet kutwaa dhahabu ya wanawake kwa umbali uleule. Usiku uliotangulia Bolt alikuwa amekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 na mji ulikuwa hauna habari nyingine. Mimi kiti changu nilikichagua kwa kuangalia kwanza godoro la upondo liko upande gani, na ningefanya vivyo hivyo leo.

Kwenye runinga unamwona mtu anapaa. Ukikaa karibu unaona vipimo. Njia ya kukimbilia ina upana wa mita 1.22 na urefu usiopungua mita 40. Mwisho wake kuna kisanduku kilichozamishwa ardhini, kinateremka mpaka kina cha sentimita 20 kwenye ukuta wake wa nyuma, na humo ndimo ncha ya upondo inamochomekwa. Mrukaji hakimbii kwa kukisia. Amepima hatua zake kwa utepe na kuweka alama pembeni, kwa kuwa mguu wa kurukia unatakiwa kutua wima chini ya mkono wa juu. Ukitua ndani zaidi, hata kwa shubiri moja, upondo ukigonga kisanduku mkono unavutwa nyuma kabla mwili haujatoka chini. Kasi yote ya mbio inapotelea hapo. Upondo utapinda, naam, lakini hausimami wima kwa wakati, na mrukaji anaanza kushuka kabla hajaufikia ufito.

Na hakuna anayekuja na upondo mmoja. Wanabeba mfuko mzima, kila upondo na urefu wake, uzito wa mrukaji uliokusudiwa, na ugumu wake. Urefu ukipanda na damu ikichemka, unahamia ule mgumu zaidi, kwa sababu ule laini utapinda kupita kiasi na kukuangusha. Kukosa mmoja katikati ni kama ngazi iliyong'oka kidato. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 upondo mmoja wa Fabiana Murer wa Brazil ulipotea katikati ya fainali, na mashindano yake yakaharibika palepale.

Kisha nguzo zinazoshika ufito. Kabla ya kila jaribio mrukaji anamwambia mwamuzi ufito ukae wapi, kuanzia sifuri, yaani juu ya ukuta wa nyuma wa kisanduku, hadi sentimita 80 kuelekea godoroni. Ukiugonga ufito wakati unapanda, ulikuwa karibu mno, unaomba usogezwe mbali, kuelekea godoroni. Ukiuangukia wakati unashuka, kilele chako kilikuja mapema, unaomba usogezwe karibu nawe. Ufito wenyewe una urefu wa mita 4.50 na hauzidi kilo 2.25, kwa hiyo unabonyea katikati kwa uzito wake, na ndiyo sababu waamuzi hupima pale panapobonyea. Kila jaribio, hata lililokosewa, linakupa jibu kuhusu mguu, upondo na nguzo. Naomba msomaji alishike hilo.

Sasa Yelena. Yelena Isinbayeva wa Urusi alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Athens na ya Beijing, na dhahabu ya dunia ya Helsinki 2005 na ya Osaka 2007. Ndiye mwanamke wa kwanza kuvuka mita 5, London, Julai 2005. Rekodi ya dunia ilikuwa 5.05, yake, aliyoiweka Beijing tarehe 18 Agosti 2008. Kesho yake ingetimiza mwaka kamili. Basi wenzake walipoanza kuruka naye akabaki amejilaza na taulo, hakuna aliyeshangaa. Ndivyo alivyozoea. Ubaoni jina lake likaota vistari: kistari, kistari tena, mpaka 4.65 nayo akaiacha.

Aliinuka kwenye 4.75. Akakosa.

Hapo sheria inakupa njia mbili. Unaweza kurudia urefu uleule, ukiwa na majaribio mawili. Au unaacha, unasubiri urefu unaofuata, ukiwa na majaribio yaleyale mawili, kwa sababu sheria haihesabu makosa matatu ya urefu mmoja. Inahesabu makosa matatu mfululizo, popote yalipotokea. Yelena akaacha. Mbele ya 4.75 pakaandikwa X na kistari. Ufito ukapandishwa 4.80, akakosa tena. Ikabaki moja.

Jaribio hilo la mwisho naliona hadi leo kuliko mbio zote za wiki ile. Alisimama kwenye kichwa cha njia, ile rangi ya buluu ya uwanja wa Berlin chini ya miguu yake, upondo ameuinua ncha juu. Ncha ya upondo haitulii kamwe. Hata mikono ikiwa imara kama chuma, huko mbele inatetemeka kidogo, kama jani la mnazi penye upepo mdogo. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa na desturi ya kusema na upondo kabla ya kukimbia, na waliomfuatilia miaka yote walikuwa wanaisubiri midomo ile kuliko kitu kingine. Nilihisi imechukua muda mrefu. Labda ni sisi tulioacha kupumua. Kisha hatua ya kwanza, nzito, ya pili, na magoti yakaanza kupanda, kasi ikaongezeka, ncha ikashuka taratibu jinsi kisanduku kinavyokaribia, na kwenye hatua za mwisho mikono ikapanda juu ya kichwa. Sauti ya upondo ukigonga kisanduku ni kavu, fupi, mtu aliye mbali haisikii. Mimi niliisikia. Nikamtazama kiunoni, maana hapo ndipo upondo unapokupa au unapokunyima, na niliona kwamba hautampa.

Bendera nyekundu ikapanda.

Akabaki kwenye godoro na mikono usoni. Sikupiga picha. Niliangalia ubao: vistari, X na kistari, X na X. Bingwa wa dunia mara mbili mfululizo, na mstari wake hauna O hata moja. Katika orodha ya fainali anasomeka kama mtu asiye na urefu wowote.

Dhahabu ilikwenda kwa Anna Rogowska wa Poland, kwa 4.75. Monika Pyrek, Mpolandi mwenzake, na Chelsea Johnson wa Marekani wote waliishia 4.65, na hesabu za makosa yao zikalingana, wakapewa fedha wote wawili na shaba haikutolewa. Rogowska alistahili sifa zaidi ya alizopata. Alivuka kilichokuwa mbele yake usiku ambao wengine walishindwa, na magazeti yakaandika zaidi habari za aliyeshindwa.

Mabishano yangu na Karisa yalianza tukiwa bado kwenye treni ya kurudi Moabit, mtaa wa Berlin, na hayajaisha. Yeye anasema angerudia 4.75. Kwa hesabu ana haki: aliyevuka urefu huo ni Rogowska peke yake, kwa hiyo Yelena akiuvuka kwa jaribio lolote asingekosa angalau fedha. Mimi nilimtetea Yelena miaka mingi. X ile ya kwanza ilikuwa imeshaandikwa, nayo huhesabiwa mkilingana urefu. Aliyetaka dhahabu na si fedha alikuwa na sababu ya kuyatunza yale mawili kwa ajili ya 4.80.

Kadiri nilivyofundisha watoto kuruka, utetezi wangu umelegea. Siku hizi sitazami tena ile X na kistari. Natazama vistari vilivyotangulia. Wenzake walikwisha ruka mara kadhaa kabla hajaamka. Walikuwa wameshajua kisanduku kinaitikiaje jioni ile, upondo upi ni laini mno, nguzo zikae wapi. Yeye jibu lake la kwanza alilipata kwenye 4.75, na la pili akalitafuta juu zaidi. Hakujipa pa kujifunzia.

Lakini nikifika hapo nakumbuka Zurich. Tarehe 28 Agosti, siku 11 baada ya Berlin, mwanamke yuleyule alivuka 5.06, na rekodi hiyo ingali imesimama. Mwili uleule, mazoea yaleyale. Sasa nimwambie nini mtoto anayetaka kuanzia juu? Nimewahi kumkataza mmoja na akaniuliza swali hilohilo, nikakosa la kumjibu.

Sauda alirudi kutoka jikoni na penseli. "Na akiacha urefu akiwa tayari amekosa mara moja, namwandikaje?"

"X, halafu kistari, kwenye mraba uleule."

Akajaribu pembeni mwa karatasi. X ndogo, kistari kando yake. "Amebakiwa na mara ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu mpaka mwisho?"

"Mpaka avuke. Akivuka popote, zinarudi tatu."