Mombasa na kigari: mtoto wa miaka minane atembee au asukumwe?

Ubishi ulianzia Tanga, kabla hatujakata tiketi ya basi. Mpwa wangu amefika miaka minane, binti yangu ana sita, na mimi nilikuwa nakikunja kigari cha kusukumia watoto nione kama kitakaa vizuri chini ya basi. Mama yangu akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Huyu si keshang'oa meno ya utoto? Unamsukuma umpeleke wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu mtoto akishaweza kutumwa dukani akarudi na chenji, hasukumwi tena. Hata wachanga wengi hubebwa mgongoni kwa kanga, kigari wakakiona kwenye televisheni. Lakini mpwa wangu ana selimundu. Chembe nyekundu za damu yake hupinda zikawa na umbo la mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza, mara miguuni, mara mgongoni, mara kifuani. Kinachoyachokoza ni mambo ya kawaida mno: kiu, uchovu, baridi ya ghafla, homa. Kliniki dada yangu, mama yake, huambiwa yale yale kila wanapokwenda: maji mengi, dawa zisikatike, mtoto asichoke kupita kiasi. Hilo la tatu ndilo gumu safarini, kwa sababu mtoto mwenyewe hasemi kuwa amechoka. Hukimbia na wenzake hadi anyamaze ghafla, na akinyamaza jua umeshachelewa.

Ya kigari alinipa binamu yangu anayeishi Florida. Yeye huwapeleka wanawe kwenye bustani za burudani za Disney, na kule, alinieleza, kumuona mtoto wa miaka sita au saba amekaa kwenye kigari si ajabu kabisa. Watu huingia asubuhi wakatoka usiku baada ya fataki. Epcot peke yake, moja ya bustani hizo, ukizunguka lile ziwa lenye mabanda ya nchi mbalimbali, mzunguko mmoja ni karibu kilomita mbili, na hiyo ni nusu tu ya bustani. Vigari vya kukodi vipo mlangoni, na cha mtoto mmoja hubeba hadi kilo 23 hivi. Ukija na chako, tangu Mei 2019 hakiruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132, na vile vya kuvuta vinavyofanana na mkokoteni vimepigwa marufuku. Nilimsikiliza kwa makini, halafu nikajiuliza lipi kati ya hayo linatuhusu sisi tunaokwenda Mombasa.

Linalotuhusu kwanza ni kilo. Vigari vingi vyepesi vya kukunja vimetengenezwa kwa mtoto wa kilo 15, vingine kwa kilo 22, na mtoto wa miaka sita mwenye afya huwa karibu kilo 20. Ukimweka mtoto mkubwa kwenye kigari cha kilo 15, fremu hupinda au gurudumu hung'oka, na hilo hutokea barabarani, si nyumbani. Chetu kilikuwa cha mtumba, na kibandiko chake kilisomeka kilo 22. Mpwa wangu, ambaye kama watoto wengi wenye selimundu hakui haraka kama wenzake, alikuwa na 21. Nikamwambia mama, "Tunakwenda nacho. Binti yangu atatembea." Mama akasema haya, lakini yeye hatakisukuma.

Mpaka wa Horohoro uko kilomita 65 kutoka Tanga mjini. Pale abiria hushuka na kupanga foleni ya kugongewa mihuri, na Desemba jua la saa nne halina huruma. Mpwa wangu alikaa kwenye kigari chini ya kivuli cha ukuta, chupa ya maji mkononi. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Nikadhani safari nzima itakuwa hivyo.

Likoni mambo yakageuka. Anayekijua kivuko kile anajua wimbi la watu linavyoshuka geti likifunguliwa, kila mtu anauwahi ukingo wa feri, baiskeli huku, magunia kule. Mtoto aliyekaa kwenye kigari yuko usawa wa magoti ya watu, na hakuna anayemuona. Nilimshusha kabla hatujaingia kwenye mteremko, kigari nikakikunja, nikamshika mkono mmoja na mama akamshika binti yangu. Kijana mmoja mwenye mzigo wake begani aliniona nahangaika, akasema, "Mamangu, nipa hicho nikuvushie," akakivusha hadi upande wa kisiwani na hakutaka hata shilingi. Kwenye msongamano, kigari ni hatari kwa mtoto wa umri wowote.

Tulifikia Kisauni kwa shangazi yangu. Mbaazi za nazi na mahamri vilikuwa mezani, na shangazi alikuwa ameshapanga siku zetu zote: bustani ya wanyama ya Haller Park, bwawa la Nyali lenye maporomoko ya kuteleza, Fort Jesus, na jioni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari.

Haller Park ndiko kigari kilikojieleza chenyewe. Zamani pale palikuwa shimo tupu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950 na kuacha ardhi nyeupe isiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, alianza kupanda miti ya aina mbalimbali kwenye jiwe lile. Mingi ilikufa. Mivinje ilishika, lakini majani yake yalidondoka na kulala juu ya jiwe bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakubwa wenye miguu myekundu. Majongoo wakala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo ule msitu ukasimama. Mpwa wangu alipata hadithi hii akiwa amekaa, na akalipata jongoo lenyewe kwa macho yake chini ya mti. Alishuka kulitazama, akachutama kwa muda mrefu, akarudi kukaa bila kuambiwa.

Hilo la bila kuambiwa tulikubaliana mapema. Kigari ni cha mizigo: maji, dawa, kofia, vitafunio. Anayetaka kukaa juu ya mizigo anakaa, anayetaka kushuka anashuka, na hakuna mtu mzima atakayemwamuru njiani mbele za watu. Niliona umuhimu wake pale kwenye twiga. Wakati wa kuwalisha kulikuwa na wanafunzi wengi wa likizo, na mvulana mmoja wa rika lake alimwonyesha kidole, akamwuliza mwenzake kwa sauti, "Mbona mkubwa huyu asukumwa?" Mpwa wangu aliteremka palepale. Alisimama wima kwenye foleni ya kulisha twiga, akapata zamu yake, ulimi mrefu ukachukua chakula kiganjani mwake, akacheka mpaka machozi. Sikumwambia arudi kwenye kigari. Nilikisogeza tu kivulini, mahali ambapo angeweza kukiona. Baada ya muda alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chupa nzima ya maji, na akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, yule mtoto hajui tu."

Binti yangu, ambaye hana ugonjwa wowote, alianza kulalamika tulipokuwa njiani kwenda kwa viboko. Miguu inauma, mbona yeye hasukumwi. Hili nilikuwa nalisubiri, na ndilo linalowasumbua wazazi wengi. Mtoto mzima wa miaka sita akisema amechoka, mara nyingi anasema ana kiu, au ana njaa, au viatu vinambana, au ameona mwenzake amepata kitu ambacho yeye hana. Tulikaa chini ya mivinje, akanywa maji, akala kipande cha mkate wa sinia, akavua viatu na kupunga vidole hewani. Mama akamsimulia habari za Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeachwa yatima na tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa pwani ya Malindi na kuletwa hapahapa, akaambatana na kobe mzee aliyeitwa Mzee, wa umri wa kama miaka 130, akawa anamfuata kila aendako. Hadithi haijaisha, keshasimama anataka kuonyeshwa mahali walipokuwa wakilala. Alitembea mpaka tulipotoka.

Kwa hiyo nasema waziwazi: mtoto mwenye afya aliyepita miaka mitano, kwa matembezi ya Mombasa, hahitaji kigari. Sehemu zetu si za kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane, na hakuna anayekudai umalize yote. Unaingia asubuhi, unatoka jua likikaza, unalala mchana, unatoka tena alasiri. Binamu yangu wa Florida amelipa tiketi ya siku nzima kwa pesa nyingi na hana nyumba ya shangazi ya kwenda kulaza watoto. Ningekuwa kwake, hata huyu wa miaka sita ningemkodia.

Kule Nyali, kwenye bwawa la kuteleza, kigari kilikuwa kabati letu. Taulo kavu, nguo za kubadili, chupa ya uji wa moto. Kwa mwenye selimundu maji ya baridi ni jambo la kupimwa. Daktari hakumkataza kuogelea. Alisema aingie taratibu wakati wa joto, asikae humo muda mrefu, na akitoka afutwe mara moja asipigwe na upepo akiwa amelowa. Tulifanya hivyo. Aliteleza, akatoka, akafungwa taulo, akakaa, akaingia tena. Binti yangu hakutoka majini ila kwa kuvutwa.

Mji wa Kale sitauzungumzia sana, maana kigari kilibaki Kisauni. Vichochoro ni vyembamba, na pikipiki na mikokoteni hupita humohumo. Ukitazama ile mikokoteni ya wabeba mizigo utaona magurudumu yake ni makubwa, ya gari hasa, kwa sababu barabara ndivyo inavyotaka. Vigurudumu vya kigari chetu vilivyo kama vikombe vya kahawa visingefika popote. Fort Jesus nako, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kuna ngazi na mawe ya kupanda, kwa hiyo tulikwenda asubuhi mapema, tukachagua sehemu chache na kuziacha nyingine. Mpwa wangu alichagua mizinga. Mama alichagua kukaa kwenye upepo na kuitazama bahari. Hakuna aliyeonewa.

Mama Ngina jioni kigari kilirudi kazini. Tangu bustani ile ifanyiwe ukarabati mwaka 2019 njia zake ni pana na laini, unasukuma kwa kidole kimoja chini ya mibuyu huku meli zikiingia Kilindini mbele ya macho yako. Tulinunua viazi karai na mihogo ya kukaanga. Mama mmoja aliyekuwa akiuza madafu alimtazama mpwa wangu aliyejinyoosha kwenye kigari, akamwuliza mama yangu kwa upole, "Mjukuu wako ana udhuru, bibi?" Mama akamjibu bila kusita, "Ana selimundu. Anapumzika kidogo, atasimama sasa hivi." Muuza madafu akamwombea dua, akamchagulia dafu lenye maji mengi. Na tulipoanza kurudi, mama ndiye aliyeshika mpini wa kigari. Sikusema neno.

Safari yote hiyo mtoto hakulazwa hospitali. Siwezi kusema ni kigari kilichomkinga. Alikunywa maji, alikunywa dawa zake, alilala mchana, na bahati nayo ilikuwepo. Ninachoweza kusema ni kwamba mara zote alipokaa, alikaa kabla hajanyamaza, na dada yangu nilipompigia simu usiku nilikuwa na habari za jongoo na twiga za kumpa, si za maumivu.

Tuliporudi, jirani yangu mwenye mtoto wa miaka saba alikuja kuniuliza kama naye anunue kigari, maana wanakwenda Mombasa likizo ya Aprili. Nilimuuliza mtoto ana kilo ngapi, ana ugonjwa wowote, na watafikia wapi. Hana ugonjwa, ana kilo 24, watafikia hotelini Bamburi, karibu kabisa na Haller Park. Nikamshauri pesa hizo anunulie viatu vizuri vya kutembelea, kofia pana na koti la mvua, kwani Aprili masika huwa yameshaingia pwani. Kigari chetu nilimwonyesha hata hivyo. Kilo 24 hazikai humo.